Minyaa ya Katikati

Ng'washi Bujiku hakuzaliwa na hasira. Hasira ilimkuta bustanini, ameinama, mikono imejaa udongo, na tangu siku hiyo haikumwacha. Majirani zake, huku ukingoni mwa mji wa Bariadi, walimwambia hasira hasara, tena kwa sauti ile ya upole inayomfanya mtu atamani kuvunja chungu. Yeye aliwajibu, "Hasara ndiyo iliyotangulia. Hasira imekuja kuangalia kilichobaki."

Zamani, pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja, Ng'washi alikuwa mtumishi wa ushirika. Hakupima pamba wala hakushika kalamu. Kazi yake ilikuwa kitalu na bustani ya kiwanda cha kuchambulia pamba: kuotesha miche ya kugawia vijiji, na kuhakikisha kwamba wakubwa wakishuka kwenye gari wanakanyaga ukoka na si vumbi. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakamwagika Bariadi kama kumbikumbi baada ya mvua, kila mmoja na mizani yake na magunia yake, na ushirika ukaanza kukonda kama ng'ombe wa kiangazi. Walipunguzwa walinzi, wakafuata makarani, na zamu ya mwanamke wa bustani ilipofika hakuwa amebaki mtu wa kumsikitikia. Aliambiwa asante. Akaondoka na jembe lake, ndoo iliyotoboka, na vipandikizi alivyovifunga kwenye kanga kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Wenzake waliopunguzwa walikwenda kuuza mitumba, wengine wakarudi vijijini kulima dengu. Ng'washi alirudi nyumbani na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumpunguzia, nacho ni namna yake ya kuigawa mimea.

Hakuigawa kwa rangi wala kwa uzuri wa ua. Aliigawa kwa kiu. Miaka yote ile ya kubeba ndoo ilimfundisha kwamba bustani za Bariadi haziuawi na ukame peke yake, zinauawa na kuchanganywa. Ukimwagilia huu, unaoza ule. Ukiuacha ule, huu unakauka. Basi akaipa mimea majina kama mtu anavyowapa majina ndugu wa mumewe. Migomba, magimbi, na yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, hao walikuwa Walevi: wanakunywa asubuhi, wanakunywa jioni, na ukichelewa wanalala chini. Mawaridi yalikuwa Waungwana, wanywa kwa kiasi, lakini wepesi wa kununa. Mimea ya kivulini aliiita Wenye Haya. Na mishubiri, mikonge ya mapambo, bogenvilia na jamaa zao wote wa jua kali, hao walikuwa Wafungaji. Mvua ikigoma, wao wako kwenye Kwaresima yao, na nyuso zinang'aa.

Miaka hiyo nyumba za kulala wageni zilikuwa zinaota Bariadi kama uyoga, maana wanunuzi wa pamba walihitaji vitanda, na kila mwenye nyumba ya wageni alitaka maua mlangoni. Justina, aliyejenga yake karibu na stendi, alimwita Ng'washi aje ampangie.

"Hapa nataka waridi," Justina alisema, akinyoosha kidole chenye pete. "Halafu hapa katikati yake mshubiri, uwe kama taji."

"Mayu, mama yangu," Ng'washi akamwambia, "huyu anakunywa kila jioni, huyu amefunga mpaka Pasaka. Unataka kuwalaza kitanda kimoja?"

"Si maua tu?"

"Na watu nao ni watu tu. Mbona wewe humpangii mnywaji chumba kimoja na padri?"

Justina alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, Ng'wana Bujiku, panga unavyojua. Lakini padri umweke mbele, aonekane."

Hivyo ndivyo Ng'washi alivyokula, na hivyo ndivyo alivyovaa.

Kiwanja alichokaa alikuwa amekikuta kwa mumewe, Kasmiri. Kasmiri alipofariki ukoo wake ulikutana, ukala, ukasema: mjane akae. Hawakusema akae mpaka lini, wala hawakusema ni chake. Walisema akae, kama unavyomwambia mgeni aliyesimama mlangoni. Mtoto wao wa pekee, Lucy, alikuwa ameolewa Nassa, na binti aliyeolewa hakuna anayemtaja ardhi ya baba yake inapozungumzwa. Ng'washi hakulalamika. Alikaa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, alikigeuza kiwanja kizima kuwa bustani.

Kiwanja chenyewe kiliteremka kutoka kisimani mpaka barabarani. Juu, penye kisima, udongo ulikuwa mweusi na mzito, wa kushika maji. Chini, kuelekea barabara, palikuwa na kichanga, luseni kama wasemavyo Wasukuma, na maji hayakai hapo hata uyabembeleze. Mungu alikuwa amekwisha kugawa kabla yake. Walevi na Waungwana wakaenda juu, Wafungaji wakaenda chini. Na hao wa chini ndio waliomlisha, kwa sababu Bariadi ni nani mwenye maji ya kuwanywesha Walevi? Wateja walitaka mmea unaoweza kusahauliwa. Mama zao wote, ile mimea mikubwa aliyokuwa akiikata vipandikizi, walisimama pale kwenye luseni, mingine akiwa ameileta kwenye kanga siku ile aliyoambiwa asante.

Adui alikuwa mbuzi. Mbuzi wa mtaa hawakugusa mshubiri, maana ni mchungu. Waliingia kutoka barabarani, wakapita katikati ya Wafungaji kama waumini waliochelewa misa, macho mbele, hawasalimii mtu, mpaka juu kwenye mawaridi na migomba. Hapo ndipo walipopiga magoti. Ng'washi akaona kwamba uzio haufai kuwa barabarani, kwa sababu wateja wanapita huko. Uzio ulitakiwa uwe katikati, kati ya Wafungaji na Walevi. Na uzio usioomba maji, usioliwa na mbuzi, usiooza kwa mchwa, Bariadi nzima ni mmoja.

Minyaa. Kila kaya ya huku imezungushiwa minyaa, vile vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana, ambavyo ukivikata vinatoa utomvu mweupe wa kupofusha macho, na ukivichomeka ardhini vinaota hata kama umevisahau. Katika mgawanyo wa Ng'washi, mnyaa ulikuwa mfungaji kuliko wafungaji wote.

Alimtumia salamu Yakobo, mdogo wake Kasmiri, mfugaji na mkulima wa pamba huko Nkololo. Yakobo alikuwa shemeji wa kicheko. Kwenye msiba wa kaka yake ndiye aliyekaa na Ng'washi wengine walipokwisha kuondoka, na kila mavuno alileta mtama bila kuombwa. Alifika na mkokoteni wa ng'ombe umejaa minyaa mpaka pembeni.

"Shemeji, nasikia una shida ya minyaa," alisema akishuka. "Kwangu imejaa mpaka ng'ombe wananilaumu hawaoni jua."

Wakaanza kazi. Mzee Machibya, jirani wa upande wa mashariki na mkubwa wa wazee wa mtaa, alikuja kushika ncha ya kamba ili mstari unyooke. Apolonia, jirani wa magharibi, alishika ncha ya pili. Kwa kuwa utomvu ule haufanyiwi mzaha, waliamua kupanda wawili wawili: Ng'washi upande wa juu, Yakobo upande wa chini, kijiti kimoja kati yao, huyu akikisimamisha, yule akikandamiza udongo, halafu wanasogea.

"Mimi nimetupwa huku kwa wanaofunga," Yakobo alitania, jasho linamtoka. "Wewe umebaki huko kwa walevi. Ni haki hii?"

"Wewe pombe umekunywa ya kutosha, shemeji. Kaa nao, labda utaokoka."

Walicheka wote. Jioni Ng'washi aliwapikia ugali na kuku, akawawekea togwa, wakala mpaka Mzee Machibya akafungua mkanda. Ilikuwa siku njema. Baadaye Ng'washi alikuwa akiirudia siku ile kichwani, akiigeuza kama mtu anayetafuta mdudu kwenye mchele, na kila alipoigeuza aliikuta ni njema. Hilo ndilo lililomchoma.

Maana hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya. Usukumani watu wawili wanapogawana ardhi, iwe ndugu na ndugu au jirani na jirani, hawaandiki. Wananyoosha kamba, jirani anaishika. Mmoja anasimama huku, mwingine anasimama kule, wanashika kijiti kimoja cha mnyaa, wanakichomeka pamoja. Wakimaliza, walioshuhudia wanalishwa, ili matumbo yao yakumbuke hata vichwa vikisahau. Kuanzia hapo ule ni mpaka, na mtu akiung'oa ni kama ameng'oa jino la mwenzake. Ng'washi alilijua hilo tangu hajaota meno. Kwao Mkula alimwona baba yake akipanda hivyo hivyo na jirani yao, na yeye mwenyewe ndiye aliyepelekea wageni maji ya kunawa. Lakini siku ile kichwa chake kilijaa mbuzi na kiu. Aliona mimea ya aina mbili na kitu cha kuitenganisha. Hakuona watu wawili.

Masika ikapita, na nyingine ikapita. Minyaa ikafika kifuani. Mawaridi yakachanua bila kung'atwa, na Ng'washi akawa anapita katika bustani yake kama mwalimu anayepita darasani, anajua nani anakaa wapi na kwa nini.

Asubuhi moja akasikia watu huko chini. Alipochungulia juu ya minyaa alimwona Yakobo, na pamoja naye mtu mwenye viatu vya kung'aa akivuta utepe wa kupimia kutoka kwenye mikonge mpaka barabarani.

"Wangaluka, shemeji," Yakobo alisema, lakini hakucheka.

"Wangaluka. Huyo anapima nini?"

"Anapima huku kwangu."

"Kwako wapi?"

Yakobo alionyesha kwa kidevu. "Huku chini ya minyaa."

Ng'washi akacheka peke yake. "Acha utani asubuhi yote hii. Huko ni kwa Wafungaji."

"Watahama. Kuna mnunuzi anatafuta mahali pa ghala la pamba, barabarani, nimekwisha kumwahidi. Wewe huko juu sikugusi hata kidogo, shemeji. Mgawanyo ni mgawanyo."

"Mgawanyo gani? Tuligawana lini?"

"Tulipopanda."

Ilimchukua muda kuelewa, kama mtu aliyekatwa na wembe anavyokaa kabla damu haijatoka. Kisha ikatoka. Alizunguka mwisho wa minyaa, akafika walipo, akaukanyaga utepe ukamponyoka yule mtu mkononi.

"Mama, mimi naambiwa tu, napima," mtu wa viatu alijitetea.

"Basi nenda kamwambie aliyekuambia kwamba umepima mpaka hapa." Na Ng'washi akachota samadi mbichi kwa mkono mzima, akaitupa. Ilitua kwenye kiatu, ikakaa vizuri, kama iliyotengenezewa mahali pake. Yule mtu alikunja utepe wake bila kuaga.

"Unajiaibisha," Yakobo alisema taratibu.

"Mimi? Mimi ninajiaibisha? Umekuja na mtu kupima mgongo wangu ningali nimeinama, halafu aibu iwe yangu?"

"Twende kwa wazee."

"Twende! Tena twende leo!"

Hawakwenda leo. Wazee wana mwendo wao. Siku walipokutana ilikuwa uani kwa Mzee Machibya, vigoda vimepangwa kando ya ukuta wa nyumba, wanawake kwenye mkeka upande mwingine. Ng'washi alikataa kuketi. Alikuwa na uhakika. Machibya mwenyewe alikuwepo siku ile, alishika kamba, alijua mambo ya mbuzi. Mtu aliyekula kuku wako atasimama nawe.

"Ng'wana Bujiku," Machibya alianza, "siku ile nani alikuwa upande wa juu?"

"Mimi, guku," alijibu, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Chini?"

"Yakobo."

"Mlikuwa mnachomeka kila mtu chake, au mlishika kijiti kimoja?"

Ng'washi akaanza kuona tundu alilokuwa akielekea. "Kimoja. Kwa sababu ya utomvu."

"Kamba nilishika mimi. Chakula alipika nani?"

"Mimi nilipika. Nilipika kwa sababu mlifanya kazi! Nani anamwacha mtu afanye kazi kutwa nzima aende na njaa?" Aliwageukia wazee wote. "Sikilizeni. Ule si mpaka. Ile ni bustani. Huko juu nimeweka mimea inayokunywa sana, huko chini nimeweka isiyokunywa. Nikiichanganya inakufa. Minyaa niliiweka katikati ili mbuzi wasipande juu. Ndiyo kazi yangu, ninaifanya mji mzima, kamuulizeni Justina wa nyumba ya wageni."

"Inayokunywa?" mzee mmoja aliuliza.

"Walevi, ndivyo ninavyoiita. Migomba na…"

"Mgomba unalewa?"

Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikapita ukutani kigoda kwa kigoda. Hata kwenye mkeka wa wanawake mtu alijiziba mdomo kwa kanga. Ng'washi alisimama katikati ya kicheko hicho na akasikia masikio yake yakipata moto. Yale majina yalikuwa ya kuchekesha alipoyasema yeye. Walipoyacheka wao, yakawa ya mwendawazimu.

Machibya alisubiri kicheko kiishe. Hakucheka. "Mwanangu, kama ungekuwa mgeni tungekusamehe. Mgeni anachomeka minyaa kama anavyochomeka maua. Lakini wewe ni binti wa Bujiku wa Mkula. Baba yako alipanda mipaka na watu, na hapa wapo wanaomkumbuka. Utasimama mbele yetu useme hukujua minyaa inapandwaje?"

Kusema hivyo kungekuwa rahisi. Neno moja tu, sikujua, na labda lingetosha. Lakini angekuwa anamkana baba yake mbele ya watu, na yale maji ya kunawa aliyoyabeba kwa mikono yake midogo. "Nilijua," alisema. "Sikukumbuka."

"Ardhi haijui tofauti," mzee wa pembeni alisema.

Ndipo alipomgeukia Yakobo. Tangu siku ya samadi hawakuwa wametazamana. "Siku ile, wewe ulijua?"

Yakobo alikuwa anachora chini kwa fimbo yake ya kuchungia. "Siku ile nilikuja kukusaidia, shemeji. Mungu ni shahidi. Sikuwa na neno moyoni."

"Ulijua lini?"

"Yule mnunuzi aliponiuliza kama nina mahali barabarani."

Angalau angedanganya! Kama angesema alipanga tangu mwanzo, kwamba alipakia ile minyaa Nkololo akiwa na kisu moyoni, Ng'washi angemchukia kama mtu anavyomchukia mwizi, akamaliza. Lakini hapana. Alikuja kwa wema, akatoka jasho kwa wema, akacheka kwa wema. Halafu siku pamba ilipoleta mtu mwenye haja, akarudi nyuma, akauokota wema wake mwenyewe ulikokuwa umelala, akaona kwamba unauzika. Hasira aliyokuwa nayo Ng'washi mpaka hapo ilikuwa cheche tu. Sasa ndiyo iliyowaka.

"Basi," Machibya alisema, akianza kuinuka kwa kushika goti. "Minyaa ile ni mpaka. Upande wa chini ni wa Yakobo. Mimea yako utaihamisha, upewe muda…"

"Bado."

"Nini tena?"

"Kaa, guku. Umetaja upande mmoja. Taja na wa pili."

Machibya akarudi kigodani polepole. "Wa juu si ndio unaokaa?"

"Sijauliza nani anakaa. Nimeuliza ni wa nani."

Mzee wa pembeni alikohoa. "Ule ni wa ukoo wa Kasmiri. Wewe unakaa, hakuna anayekufukuza."

"Wa ukoo!" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Kwa hiyo Yakobo aligawana na ukoo wake? Alipanda mpaka kati ya yeye na yeye? Mmekaa hapa asubuhi nzima mnaniambia mpaka ni watu wawili, kijiti kimoja, mikono huku na mikono kule. Huku chini mmesema ni mikono ya Yakobo, kwa hiyo ni kwa Yakobo. Haya, ile mikono ya huko juu ilikuwa ya nani? Ya marehemu?"

"Shemeji," Yakobo aliingilia, na sasa aliinua uso, "hayo sasa ni mengine. Kile kiwanja ni cha kaka. Wanangu mimi ndio…"

"Wanao wako chini ya minyaa."

"Na kisima je?"

"Kisima kiko juu. Ulichagua kusimama chini wewe mwenyewe, ukatania."

"Mwanamke huyu ana mdomo," mzee mmoja alisema.

"Ninao. Ardhi haijui tofauti."

Kwenye mkeka Apolonia alisimama. Alikuwa ameitwa kushuhudia upande wa Yakobo, na alikwisha kushuhudia, macho chini. "Mimi nilishika kamba ncha ya magharibi," alisema. "Aliyeshika kijiti upande wa juu ni Ng'washi. Chakula nilikula cha Ng'washi. Sikula cha ukoo." Akakaa.

Machibya alikuwa mzee mwenye haki, haki ambayo hata yeye mwenyewe wakati mwingine haikumfurahisha. "Yakobo," alisema hatimaye, "chagua wewe. Ama pale hapana mpaka, kile kiwanja kibaki kizima kama kilivyokuwa, umwambie mnunuzi wako atafute kwingine. Ama pana mpaka. Na kama pana mpaka, basi huko juu, na kisima chake, ni kwa Ng'washi, na Ng'washi akifa ni kwa Lucy, na wewe na wanao hamtavuka minyaa ile kuuliza lolote. Sema moja, hawa wote wakusikie."

Hapo, kwa pumzi moja tu, Ng'washi alimwombea. Alimtazama yule mtu aliyemletea mtama kila mavuno, na moyo wake wote ukasema: sema hapana mpaka. Sema hivyo, shemeji, turudi nyumbani, nikupikie. Hakutaka kiwanja cha jina lake. Alitaka bustani yake, juu na chini, na siku ile njema aliyokuwa nayo.

Yakobo alifuta mchoro wake kwa kisigino. "Pana mpaka," alisema.

Hivyo ndivyo Ng'washi Bujiku alivyopata kitu ambacho hakuna mjane mwingine wa mtaa ule aliyewahi kukipata. Wanawake walimzunguka njiani wakati wa kurudi, wanamshika mikono, wanapiga vigelegele vya chini chini.

"Umeshinda, mayu! Shangilia!"

"Nimenyang'anywa nusu," alisema, "nishangilie nusu niliyoachiwa?"

Kuhamisha mimea kulianza kesho yake, kwa sababu matofali ya ghala yalikuwa yamekwisha kuanza kushushwa barabarani. Wafungaji hawapendi kuhamishwa, mizizi yao imezoea kichanga na jua. Aliwachimba mmoja mmoja, akikata udongo mbali na shina, akiwabeba kifuani huku mikonge ikimchoma. Juu hapakuwa na luseni. Palikuwa na udongo ule mweusi wa kushika maji, migomba huku, magimbi kule, na nafasi zilizobaki ndogo ndogo. Yeye aliyewakataza wateja wote kuchanganya, sasa alikuwa anachanganya. Alirundika vituta vya changarawe ili maji yasikae kwenye mashina, akijua kwamba vituta hivyo vitashuka na mvua ya kwanza.

Mchana Yakobo alitokea upande wa chini na mkokoteni wake, jembe begani. Alisimama karibu na bogenvilia kubwa, ile ambayo mtu mmoja haiwezi.

"Shemeji, nikusaidie hii."

Ng'washi hakuinuka. Aliendelea kukata udongo, pigo moja, jingine, jingine. "Msaada wako wa kwanza sijamaliza kuulipa."

Yakobo alibaki amesimama, hana pa kuweka jembe. Mwishowe aligeuza ng'ombe akaondoka. Bogenvilia ile Ng'washi na Apolonia walijaribu kuing'oa mpaka jioni, wakashindwa. Akakata matawi yake yote ya kupanda, akaacha kisiki kwa ajili ya wajenzi.

Watu walimwambia asamehe, na padri pia alimwambia. Alikuwa akienda misa kila Jumapili, na Yakobo alipokuja mjini akakaa benchi la nyuma, Ng'washi alikuwa akitoa amani kulia na kushoto, lakini nyuma hakugeuka.

Jioni ile ya kwanza ya kuhamisha, migomba ilikuwa imeanza kulegea kwa kusahauliwa kutwa nzima. Alivuta maji kisimani akaimwagilia, ndoo juu ya ndoo, na maji yalipoijaza migomba yakatafuta njia, yakateremka taratibu kwenye udongo mweusi, yakaizunguka mishubiri na kutulia hapo. Aliyaona yanakwenda. Hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Aliachia tusi moja la Kisukuma, refu, la kuanzia kwa mababu, na Apolonia, uani kwake upande wa magharibi, alijifanya anakohoa.